Ukurasa wa Shirika Si Ripoti ya Mfadhili

Fungua ukurasa wa shirika lolote dogo lisilo la kiserikali, liwe la Mwanza, la Kitale au la Wete, na hutakosa picha hii: watu ishirini na kitu wamejipanga mbele ya ukumbi, wa mbele wamechuchumaa, mgeni rasmi yuko katikati, nyuma yao bango lenye nembo nne. Maelezo yanasema shirika, kwa kushirikiana na wadau mbalimbali, limeendesha warsha ya siku mbili ya kuwajengea uwezo viongozi wa ngazi ya jamii. Waliobonyeza alama ya kupenda hawafiki ishirini, na ukiwachunguza wengi wao wamo pichani.

Picha yenyewe haina ubaya. Mfadhili anaihitaji, mkaguzi wa hesabu anaihitaji, na mwenyekiti wa mtaa ataitunza kwenye simu yake hadi uchaguzi ujao. Mahali pake ni kwenye ripoti, imebanwa pamoja na orodha ya mahudhurio. Ikiwekwa mtandaoni inakuwa mazungumzo ya ofisi yenu na ofisi ya mfadhili yanayofanyika mbele za watu. Mjane anayetafuta msaada wa kisheria, kijana anayetaka kujitolea, mwenye duka ambaye angetoa elfu hamsini bila kusukumwa: wote wanachungulia, wanaona hawahusiki, wanaendelea na safari zao.

Maofisa habari wa mashirika haya hupenda kuniuliza waposti saa ngapi, na mara ngapi kwa wiki. Ni maswali halali, lakini yanakuja kabla ya zamu yake. Kwanza jiulize huyu unayemwandikia ataondoka na nini mkononi. Ukurasa wa shirika ni huduma kama huduma zenu nyingine. Kama kazi yenu ni afya ya mama, ukurasa umsaidie mama. Kama ni mazingira, mkulima akiufungua apate kitu cha kufanya shambani mwake wiki hiyo hiyo. Wafuasi, wachangiaji na hata wafadhili wapya huja nyuma ya hapo, kwa sababu watu humwamini aliyewafaa.

Waliofaulu katika jambo hili huku kwetu walilijua kabla simu janja hazijaenea. Femina Hip ya Dar es Salaam ilianza na jarida mwaka 1999, likawafikia vijana mashuleni kwa kuandika waziwazi juu ya mapenzi, Ukimwi na pesa, mambo ambayo nyumbani husemwa kwa mafumbo au hayasemwi kabisa. Nchini Kenya, Februari 2010, Shujaaz ilikuja na kitabu cha katuni kwa Sheng, kikitolewa bure ndani ya gazeti na kufuatiwa na kipindi cha redio. Mhusika wake mkuu, Boyie, ni kijana aliyemaliza shule na hana kazi. Anarusha matangazo kwa siri kutoka chumbani kwake, akijiita DJ B. Vijana waliuandikia ukurasa wake wa Facebook kana kwamba wanamwandikia rafiki wa mtaa wa pili, wakimweleza habari za kuku, mikopo na mimba. Kazi hiyo imetwaa tuzo ya kimataifa ya Emmy mara mbili. Shirika la Ubongo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, lilichagua hesabu: katuni na nyimbo kwenye televisheni, na mtoto akijibu maswali kwa ujumbe wa simu.

Hakuna hata moja kati ya matatu hayo linalojizungumzia lenyewe. Mtoto anayeimba nyimbo za Ubongo hajui mwenyekiti wa bodi ni nani, wala hana shida naye.

Utaniambia ninyi hamna fedha za katuni. Sawa. Mna kitu kingine ambacho watu wanakitafuta kila siku, nacho ni majibu. Chukua shirika la wasaidizi wa kisheria la wilayani, aina ambayo Tanzania imeitambua rasmi kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Shirika kama hilo likitoka kufundisha habari za mirathi, kawaida huandika hivi:

"Leo shirika letu, kwa ufadhili wa wadau wa maendeleo, limetoa elimu ya haki za mirathi kwa wanawake 45 wa kata yetu. Mgeni rasmi amewataka wanawake kuchangamkia fursa hiyo."

Fursa gani? Elimu imeshatolewa, mlango umefungwa, na aliyeko nje anaambiwa achangamke. Sasa soma hii:

"Mume amefariki, na kabla ya arobaini shemeji amekuja kudai hati ya kiwanja. Usimkabidhi. Akitaka nakala mpe nakala, hati halisi ibaki kwako. Tafuteni cheti cha kifo. Familia ikae kikao na kuandika muhtasari unaompendekeza msimamizi wa mirathi, kisha maombi yapelekwe mahakamani. Kwa wengi wetu ni Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi hajapewa mali: kazi yake ni kuikusanya, kulipa madeni na kuwagawia wanaostahili. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi ambayo hujasomewa. Ukikwama njoo ofisini kwetu, nyuma ya stendi ya zamani, Jumatatu hadi Ijumaa. Hatutozi chochote."

Chapisho la pili ni refu kuliko la kwanza, na litasomwa hadi mwisho, kwa kuwa aliyefiwa anasoma habari yake mwenyewe. Asiyefiwa atamtumia dada yake. Mchungaji au imamu atalisambaza kwenye grupu la waumini. Shirika halikutajwa hadi mwisho, na hata pale limetajwa kama mahali pa kwenda, si kama mtu wa kupongezwa. Sijaona njia bora ya kulitangaza shirika.

Kinachowashinda wengi ni kupata habari za namna hiyo kila wiki. Hapa nina pendekezo ambalo halihitaji mshauri mwelekezi. Mnunulieni mtu wa mapokezi kaunta buku, na kila anayekuja au kupiga simu swali lake liandikwe humo kwa maneno aliyotumia yeye. Msiandike "mgogoro wa ardhi". Andikeni "jirani amesogeza ua usiku". Baada ya mwezi mmoja mtakuwa na maswali ya kutosha nusu mwaka, na mengi yatajirudia, ishara kwamba kwa kila mmoja aliyefika ofisini wapo wengi walioshindwa nauli au waliona haya. Afisa habari achukue swali moja, alijibu pamoja na mtaalamu wa ofisi, aliandike kwa lugha ile ile ya kaunta buku. Kama yupo anayetumia neno "uwezeshaji" katika jibu, mrudishie aandike upya.

Wakati mwingine huduma nzima inaingia kwenye mstari mmoja. Namba 116 ya kuripoti ukatili dhidi ya mtoto inapigwa bure Tanzania, Kenya na Uganda. Tanzania ina namba 115 ya m-mama, kwa usafiri wa dharura wa mjamzito au mama aliyejifungua. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilibaini kwamba wanawake wenye fistula walishindwa kufuata matibabu kwa kukosa nauli, ijapokuwa matibabu yenyewe hayakuwa ya kulipia. Kuanzia mwaka 2009 ikawa inawatumia nauli kwa M-Pesa. Hebu fikiria tangazo la jambo hilo: "Unavuja mkojo tangu ulipojifungua? Inatibika, ni bure, na nauli tutakutumia." Ni sentensi ambayo mwanamke wa kijijini akisomewa na binti yake ataelewa hatua inayofuata.

Sasa nije kwenye picha, jambo linalonikera kuliko yote.

Machi 5, 2012, shirika la Kimarekani la Invisible Children lilitoa video ya nusu saa juu ya Joseph Kony. Katika siku sita ilitazamwa mara milioni 100. Kwa vipimo vyote vya mtandao hakuna shirika lililokuwa limewahi kufikia hapo. Wiki iliyofuata, shirika moja la wenyeji likaionyesha kwa skrini kubwa mjini Lira, kaskazini mwa Uganda, mbele ya maelfu ya watu waliokuwa wameishi na vita ile. Watu walikasirika, baadhi wakarusha mawe, na maonyesho mengine yaliyopangwa yakaahirishwa. Walikuta hadithi yao imekuwa ya baba mmoja wa Marekani na mwanawe, na uso wa mtesaji wao umetiwa kwenye mabango na bangili za kuuzwa, wakati Kony mwenyewe alikuwa ameondoka Uganda miaka kadhaa kabla. Mwaka huo huo wanafunzi na wasomi wa Norway wa shirika la SAIH walitoa video ya mzaha ambamo vijana wa Kiafrika wanaimba na kuchangisha mashine za kupashia joto nyumba ili kuwaokoa Wanorway wanaoganda kwa baridi. Ilichekesha. Ila ukishacheka, angalia kalenda ya shirika lako mwenyewe, maana tabia ya kumpiga picha mtoto mwenye kamasi haikubaki kwa Wazungu. Tumeirithi, na tunaifanya vizuri.

Kipimo ninachopendekeza ni kile cha Lira: kabla ya kuiposti, ionyeshe kwa wanaohusika. Kama utaona aibu kuitazama ukiwa umekaa nao kwenye mkeka mmoja, usiiposti.

Watu wa ofisini hujitetea kwa fomu ya ridhaa. Fomu ni muhimu, lakini tazama inavyosainiwa. Mama amekabidhiwa godoro na mfuko wa unga, mpiga picha amesimama, viongozi wanasubiri, karatasi inaletwa. Ni nani katika hali hiyo atasema hapana? Ridhaa iombwe siku nyingine, na mtu asiye mgawaji wa msaada. Aelezwe kwa maneno anayoyaelewa kwamba picha itaonekana na mawifi zake, na walimu wa mwanawe, na binamu aliyeko Muscat, si na wafadhili peke yao. Aonyeshwe picha yenyewe kwenye simu, maana mtu anaweza kukubali kupigwa picha na akaikataa ile iliyotoka. Apewe namba ya kupiga akibadili mawazo, na akipiga, iondolewe siku hiyo bila maswali. Na ajue wazi kwamba akikataa, godoro ni lake vilevile.

Kwa mtoto, ridhaa ni ya mzazi au mlezi, na bado haitoshi. Sare ya shule ina nembo. Nyuma kuna kibao cha kijiji. Maelezo yanataja jina la kwanza, umri na kata. Ukiviunganisha hivyo vitatu, mtu mwenye nia mbaya amefika mlangoni. Kwa mtoto mwenye ualbino, katika nchi ambazo watu wenye ualbino wamewahi kuwindwa kwa ajili ya viungo vyao, kutaja mahali anapoishi ni kumweka hatarini, hata kama nia ya chapisho ni kumtetea. Kwa aliyebakwa, kwa anayetumia dawa za kufubaza virusi, usitafute hata njia ya kuficha uso. Kijijini mtu hutambuliwa kwa kanga yake na kwa kilema cha mkono. Piga picha ya kitu: hati mpya ambayo namba zake zimezibwa, kitanda kilichofika zahanati, bomba linalotoa maji. Au tumia sauti, isomwe na mtu mwingine.

Na siku hizi si suala la maadili tu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Septemba 2023 kamishna wake aliitoza shule moja faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume ya kuisimamia ipo. Shirika lenye majina na picha za wanufaika kwenye kompyuta linahusika. Msisubiri barua.

Kuhusu mtandao upi utumike, nitakuwa mfupi. Anzeni na WhatsApp, kwa sababu ndiko watu waliko, hata wale ambao bando lao haliwaruhusu kwenda kwingine. Ongezeni mmoja tu: Facebook kama mnawatafuta watu wazima wa wilayani, Instagram kama ni wa mjini, TikTok kama mna kijana ndani ya ofisi anayeipenda kwa dhati. Asipokuwepo wa namna hiyo, achaneni nayo. Mkurugenzi akilazimishwa kucheza mbele ya kamera kila mtu anaona.

WhatsApp ina mitego yake, na hapa inafaa kukaa kidogo. Grupu huonyesha namba za wanachama wote kwa wanachama wote. Kwa kikundi cha wakulima wa alizeti haina neno. Kwa waliopima virusi, kwa wanawake waliokimbia kipigo, ni hatari, na nimeona mashirika yenye nia njema yakiwaunganisha watu wa namna hiyo kwenye grupu moja bila kufikiri mara mbili. Kwa hao tumieni ujumbe wa kutuma kwa wengi, ambao kila mmoja huupata peke yake. Orodha moja ya namna hiyo huchukua watu 256, na ujumbe humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yenu kwenye simu yake. Kwa hiyo jambo la kwanza kumwomba mtu anayekuja ofisini ni aihifadhi namba hapo hapo, mbele yenu. Kuna pia chaneli, zilizofunguliwa kwa wote mwaka 2023, ambako wafuasi hawaonani. Grupu la kawaida, kama mnalo, wekeni admini peke yao waweze kuandika, la sivyo jibu lenu la mirathi litazama chini ya maua ya asubuhi njema na matangazo ya mikopo.

Tumieni sana ujumbe wa sauti. Dakika moja na nusu, sauti ya mtu anayejulikana, lugha ya pale: Kisukuma kama ni Shinyanga, Kigiriama kama ni Kilifi. Bibi asiyesoma atausikiliza, na mjukuu hatahitaji kumtafsiria. Sauti hiyo hiyo ipelekeni redio ya jamii. Wengi wa watangazaji wake wana njaa ya vipindi na watawashukuru. Video iwe fupi, imesimama wima kama simu inavyoshikwa, na maneno yaandikwe juu yake, kwa maana wengi huitazama kimya wakiwa kwenye daladala. Kumbukeni pia kwamba megabaiti mnazomtumia mtu ni hela yake.

Msiweke kila kitu kwenye nyumba ya mtu mwingine. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika duniani kote kwa takriban saa sita, kwa hitilafu tu. Uganda iliifunga Facebook Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi. Nchini Tanzania, mtandao wa X ulifungiwa Mei 2025. Shirika lililokuwa na wafuasi wake wote huko lilijikuta halina watu. Tunzeni orodha ya namba za simu, zilizotolewa kwa hiari, ofisini kwenu, na ujumbe mfupi wa kawaida uwe njia ya akiba. Halafu kaangalieni leo ukurasa wenu ulifunguliwa kwa barua pepe ya nani. Mara nyingi utakuta ni ya kijana aliyekuwa akijitolea miaka mitatu iliyopita, sasa yuko Arusha, na nywila ameisahau. Barua pepe iwe ya shirika, waendeshaji wawe wawili, na uthibitisho wa hatua mbili uwashwe.

Fedha sasa. Watu wa kwetu huchangia; asiyeamini ahudhurie kikao kimoja cha harusi. Julai 2011, njaa ilipopiga kaskazini mwa Kenya, kampeni ya Kenyans for Kenya iliweka lengo la shilingi milioni 500 katika wiki nne, michango ikapita kwa M-Pesa na benki, na lengo likavukwa. Agosti 2015 Wakenya wa Twitter walimchangia mwanafunzi mmoja aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo. Ilitafutwa milioni moja, zikaja zaidi ya milioni sita ndani ya siku chache. Marekani, kiangazi cha 2014, watu walijimwagia ndoo za maji ya barafu na chama cha ALS kikapata dola milioni 115. Mwaka uliofuata walirudia, na hawakukaribia kiasi kile. Mchango huo wa ndoo usiuchukue kama mpango. Ni mvua ya bahati. Hizo mbili za Kenya zina cha kufundisha: kiasi kilijulikana, sababu ilieleweka kwa sentensi moja, kulipa kulichukua sekunde, na waliochanga waliona hesabu ikipanda.

Kwa hiyo usiombe watu "wachangie maendeleo ya jamii". Omba vitanda vinne vya wodi ya wazazi, taja bei ya kimoja, taja siku ya mwisho. Namba ya kulipia, iwe Lipa Namba au Paybill, isomeke jina la shirika lililosajiliwa. Likitokea jina la mkurugenzi, nusu ya watu wataishia hapo, na wana haki. Ulizeni kwanza kwa msajili wenu kama mchango wa hadhara unahitaji kibali. Wekeni jumla iliyofikiwa kila jioni, hata siku ambayo imeingia elfu tano. Vitanda vikinunuliwa, risiti ipigwe picha na kuwekwa hapo hapo, na kama fedha zimebaki semeni zimebaki kiasi gani na zinakwenda wapi. Nimeona mashirika yanayochangisha mara tatu kwa mwaka bila kuonyesha risiti hata moja, kisha yanalalamika kwamba Waafrika hatuna utamaduni wa kutoa.

Kulipia matangazo si dhambi, lakini lipia chapisho ambalo tayari watu wamelisambaza wenyewe, na lenga wilaya yenu. Google hutoa kwa mashirika yanayokubaliwa matangazo ya bure ya hadi dola 10,000 kwa mwezi kwenye ukurasa wake wa utafutaji. Ni ofa kubwa, na haina maana kama tovuti yenu ina kurasa tatu tu, mbili zikiwa dira na dhamira.

Halafu jibuni. Ingieni kwenye inboksi ya shirika mhesabu jumbe zisizojibiwa. Kuna anayeuliza ofisi iko wapi, kuna anayetaka kujitolea, na katikati yao kuna aliyeandika saa saba usiku kwamba anapigwa. Afadhali chapisho moja kwa wiki na majibu ya siku hiyo hiyo kuliko machapisho saba na ukimya. Wekeni jibu la moja kwa moja kwa usiku, lenye namba 116, namba za polisi, mahali lilipo dawati la jinsia na watoto la karibu, na saa ambayo mtu wa ofisi atasoma. Anayesoma jumbe hizo naye apewe wa kuzungumza naye, kwa kuwa mzigo wake si mdogo.

Kupima kazi yenyewe ni rahisi kuliko mnavyofundishwa. Kwenye ile kaunta buku ongezeni safu moja: umetusikia wapi? Wafuasi elfu kumi wasioleta mtu ofisini ni pambo. Wanawake tisa waliofika mwezi huu wakiwa wameshika cheti cha kifo na muhtasari wa kikao, kwa sababu waliusikia ujumbe wa sauti, ni kazi ya shirika imefanyika. Nanyi mkimwandikia mfadhili hilo, na picha ya warsha mkaibana nyuma kama kiambatisho, ataelewa upesi zaidi.

Neno la mwisho ni kwa wakurugenzi. Msimfanye afisa habari apitishe sentensi nne kwa wakubwa watano. Mpeni mwongozo wa kurasa mbili juu ya ridhaa, lugha na mambo yasiyoguswa, kisha mwacheni afanye kazi. Mpeni simu ya ofisi yenye kamera nzuri. Na kwenye bajeti ijayo, pale penye posho na viburudisho, ongezeni mstari wa bando. Anayeposti kwa bando lake mwenyewe ataacha siku mshahara utakapochelewa, na hatakuwa na kosa.